Wete mpaka Matamba kwa pikipiki ya cc 150: inazima njiani, inapoa, inawaka. Mwasemaje?

#1 Mkarafuu wa Wete
Asalaam aleykum.

Nimerudi nyumbani juzi. Wete, Pemba, mpaka Matamba, kule juu milimani bara, na kurudi, siku kumi na moja, kwa pikipiki yangu ile ile ya Kihindi ya 150 inayobeba abiria na makuti hapa kila siku. Jina lake sitaji, sitaki ugomvi wa makampuni. Picha ntazitia nikipata bando.

Safari alhamdulillahi, lakini kuna jambo limenikaa rohoni. Pikipiki ilikuwa ikizima. Haikohoi, haipigi mabomu, inalegea tu kama mtu aliyeshikwa na usingizi, halafu kimya. Nikikaa chini ya mti dakika 20 hivi, teke moja inawaka kama si yeye. Naenda kilomita 60, 70, au zaidi, inarudia. Mara ya kwanza Mlima Kitonga, katikati ya malori, huku mwamba huku bonde. Mara ya pili nimeshapita Mafinga. Mara ya tatu kwenye zile kona za Chimala wanazoziita Hamsini na Saba, na nilikuwa sijafika hata ya ishirini.

Mafundi wanne, majibu manne. Nyinyi mwasemaje?

#2 Spana Kumi
Karibu nyumbani. Tanki halipumui, kesi imekwisha. Kifuniko cha tanki kina kijitundu cha kuingizia hewa. Kikiziba, mafuta yanashuka, ndani panabaki pamevuta, mwisho mafuta yenyewe yanagoma kushuka. Ukisimama hewa inajipenyeza kidogo kidogo, ndiyo maana inawaka. Ikizima tena fungua kifuniko. Ukisikia "fyuu", umeshampata mwizi.

#3 Bi Zamu
Kabla hamjafika mbali: ilipozima ulitoa plagi? Ilikuwa kavu au imerowa?

#4 Kijana wa Konde
Wete Matamba kwa pikipiki ya kubebea watu? Yakhe wewe si mzima. Mie Konde mpaka Chake tu kiuno kinaomba ruhusa. Ulikalia nini?

#5 Mkarafuu wa Wete
@Kijana wa Konde godoro la mtoto. Nimelikata nusu nikalifunga juu ya siti kwa mipira ya tyubu. Mama watoto hajui mpaka leo, na nyinyi hamjasoma hapa.

@Spana Kumi fundi wa Ilula kasema neno kwa neno kama wewe. Tukafungua kifuniko, "fyuu" nikaisikia kwa masikio yangu mwenyewe. Akakitoboa kwa sindano ya kushonea magunia. Nikapita Iringa mjini salama, nikajiona nimepona. Nimeipita Mafinga, chali. Na kifuniko nilikuwa nimekifunga nusu makusudi.

#6 Spana Kumi
Sijakosea. Una magonjwa mawili.

#7 Mzee wa Vespa
Hahaha, fundi kamili huyo. Mgonjwa akifa, alikuwa na maradhi mengine.

#8 Mtu wa Makambako
Mkuu, umepita kwetu bila hodi, umetukosea sana.

Hiyo ni koili, ile inayotengeneza moto wa plagi. Ndani ya koili kuna waya mwembamba kuliko unywele, mizunguko maelfu, kila mzunguko umepakwa vanishi usigusane na wa jirani. Ikizeeka, joto linautanua, pale penye ufa panaachana au vanishi inaungua waya zinagusana, moto wa plagi unakata. Ikipoa waya zinarudi mahali pake. Ndiyo maana dakika 20 na inawaka kwa teke moja. Kile kiboksi cha CDI, kinachoamuru moto upige lini, nacho kina tabia hiyo hiyo. Mimi siendi hata Songea bila koili ya akiba, haizidi ngumi na inakaa chini ya siti.

#9 Mzee wa Vespa
Naunga mkono, nimekula chumvi nyingi na Vespa. Yangu ilikuwa inatoka Mjini vizuri, inapita Tunguu vizuri, ikifika Kitogani inazima. Kila siku Kitogani. Watu wa pale wakanizoea, wakawa wananiandalia madafu kabisa. Nikasafisha kabureta, nikabadilisha mchanganyo wa oili, nikanunua plagi ya bei mbaya. Mwisho fundi mmoja Mwembeladu akaitoa koili, akaitia kwenye maji ya moto, akapima moto hakuna. Akaipoza, moto upo. Kesi ikaisha pale pale.

Madafu ya Kitogani nimeyakosa lakini.

#10 Bi Zamu
Plagi?

#11 Daktari wa Kabureta
Nyote mnasahau jiografia. Vilima vya Pemba virefu kabisa ni kama mita 100 tu kutoka usawa wa bahari. Hiyo kabureta imezaliwa na kulelewa pwani. Kaipeleka Iringa, zaidi ya mita 1,500. Halafu kaipeleka Matamba ya Mbeya, njia ya uwanda wa Kitulo ambao uko kama mita 2,600. Huko hewa ni nyepesi, lakini jeti, kile kijitundu cha kupitishia petroli, inamwaga petroli ile ile ya Wete. Mafuta mengi hewa haba, plagi inajaa masizi meusi, injini inakabwa. Na hata ukirekebisha, kila mita 1,000 unazopanda injini inapoteza kama asilimia 10 ya nguvu zake, hilo halina dawa. Angetia jeti ndogo namba moja au mbili tu, angefika anapiga mluzi.

#12 Mtu wa Makambako
Dokta, Matamba iko Makete, mkoa wa Njombe. Chimala huko chini ndiyo Mbeya, wilaya ya Mbarali. Ukipanda zile kona umehama mkoa.

#13 Spana Kumi
Na mafuta kuzidi hakungoji saa nzima. Ingekuwa hilo, ingekohoa moshi mweusi tangu asubuhi, na ingezidi akinyonga moto. Huyu kasema imelegea na kunyamaza. Tena ukipumzika dakika 20 Kitonga, mlima unapungua urefu?

#14 Daktari wa Kabureta
Mlima haupungui, injini inapoa. Injini ikiwa ya moto petroli inapata mvuke kirahisi zaidi, mchanganyiko unaharibika zaidi. Someni.

#15 Nahodha Mstaafu
Ngojeni kidogo. Ulivukaje?

#16 Mkarafuu wa Wete
Mkoani mpaka Unguja kwa meli ya mizigo na abiria, halafu Unguja Dar vile vile. Pikipiki inakatiwa tikiti kama mzigo. Nikaambiwa petroli ipunguzwe kabla ya kupakia, nikaacha kiasi cha glasi mbili tatu. Usiku ule bahari ilichafuka, nikashuka kuitazama nikaikuta imelala ubavu juu ya magunia ya mtu. Dar nilipotoka nje ya bandari nikajaza kwa kijana mwenye kidumu, maana kituo kilikuwa mbali na yangu ilikuwa kavu.

#17 Nahodha Mstaafu
Ahaa. Kidumu! Basi hayo ni maji. Maji ni mazito kuliko petroli, yanakaa chini kabisa ya bakuli la kabureta yakisubiri. Njia ya tambarare jeti inanyonya mafuta ya juu, huna habari. Ukianza kupanda na kuyumba, maji yanachezacheza mpaka yanafika kwenye jeti, injini imekunywa maji. Ukisimama yanatulia tena chini. Kitonga mlima, Chimala mlima. Tazama mwenyewe zilipozima.

Na mtu akiweka chombo melini, asikiegemeze kwa stendi ya pembeni. Kamba nne, mbili mbele mbili nyuma, mbonyeze shokapu ya mbele mpaka ishuke nusu ndipo ufunge, na gia ya kwanza ndani. Nimeziona zikianguka nyingi, na kioo ndicho kinachotangulia.

#18 Kijana wa Konde
Na baada ya Mafinga pana mlima?

#19 Mtu wa Makambako
Hapana. Pana misonobari, baridi na mbao.

#20 Nahodha Mstaafu
Pana vilima. Msibishane na bahari.

#21 Popobawa Mstaarabu
Mpemba kaenda bara na chombo kikazima mara tatu, na hakuna hata mmoja aliyeuliza kama aliaga Giningi, kwa wachawi. Nauliza tu.

#22 Kijana wa Konde
Tulijua utakuja. Wenzako wanazungumza jeti wewe unazungumza Giningi.

#23 Popobawa Mstaarabu
Fundi wanne wameshindwa. Mimi sijashindwa.

#24 Mwari wa Paje
Naomba kuuliza wakubwa, nami nna ndoto ya safari kama hii. Mie napanda pikipiki Paje Jambiani kila siku kwenda kazini, lakini nikisema nataka kwenda mpaka Mbeya nyumbani wanacheka. Kuna mwanamke aliyewahi? Na mtu anavaa nini?

#25 Mzee wa Vespa
Mwanangu, waulize waliocheka kama wanawajua Theresa Wallach na Florence Blenkiron. Wanawake wawili, walitoka London Desemba 1934 wakafika Cape Town mwaka 1935. Walivuka Sahara yote, na pikipiki ina kitoroli ubavuni na tela nyuma. Ilikuwa BSA nadhani. Barabara hizo tunazolia nazo sisi leo, wao hata kuonyeshwa hawakuonyeshwa.

#26 Daktari wa Kabureta
Panther, ya cc 600. Si BSA. Mengine sawa.

#27 Mzee wa Vespa
Panther, ahsante. Na hawakubeba godoro.

#28 Bi Zamu
@Mwari wa Paje mimi ni mwanamke, nimekwenda Tanga mpaka Lushoto na Dodoma mara mbili. Suruali nzito ya jinzi, juu yake dira fupi au koti refu lisilofika kwenye magurudumu. Baibui na cheni havijuani, usijaribu hata Paje Bwejuu. Mtandio uingize wote ndani ya helmeti, ncha isibaki nje. Buti zinazopita kifundo cha mguu. Koti la mvua liwe la vipande viwili, lile la kujifunika kama mwavuli linakugeuza tanga. Jioni usitembee na giza, si kwa ajili ya watu, kwa ajili ya ng'ombe na malori yasiyo na taa.

Na ujifunze kutoa plagi mwenyewe. Ujue kavu ni nini na imerowa ni nini. Wengine humu mpaka leo wanaogopa swali hilo.

#29 Kijana wa Konde
Mikumi je? Nasikia pikipiki haziruhusiwi kupita, unapakiwa kwenye lori.

#30 Mtu wa Makambako
Uongo. Ile ni barabara kuu ya Dar Mbeya, inakata ndani ya hifadhi kama kilomita 50 na pikipiki zinapita. Isipokuwa huruhusiwi kuacha lami kuingia ndani kutalii na pikipiki. Mwendo umewekewa kikomo, na ukigonga mnyama unalipia, kila mnyama na bei yake.

#31 Mkarafuu wa Wete
Mikumi ndiyo nilikuwa naiogopa kuliko zote. Asubuhi saa moja na nusu, tembo sita wanavuka, lori limesimama mbele, mie nyuma ya lori nimeng'ang'ania klachi, moyoni nasoma kila ninachokijua. Ikizima hapa, basi. Haikuzima. Mikumi nzima ilikwenda kama maji ya mfereji. Tambueni hilo katika hesabu zenu.

#32 Fundi wa Chake
Nimesoma yote. Hakuna aliyegusa valvu, ile milango ya hewa na moshi ya injini. Pikipiki za bodaboda hapa kwetu valvu hazipimwi mpaka injini ifunguliwe, na wengi tunazipima kwa sikio: ikigonga tunakaza. Tunakaza mno. Valvu ya kutolea moshi inataka nafasi kiasi cha unene wa karatasi. Injini ikipata joto chuma kinatanuka, ile nafasi inakwisha, valvu haifungi sawasawa, mgandamizo unavuja, nguvu zinaisha pole pole mpaka inalala. Ikipoa nafasi inarudi. Dalili yake ni teke: ikizima, piga teke papo hapo. Likiwa jepesi kama unakanyaga hewa, ni valvu. Likiwa zito kama kawaida, tafuta kwingine.

Teke lilikuwaje?

#33 Mkarafuu wa Wete
Kitonga sikupiga teke, nilikuwa nasukuma roho yangu pembeni malori yasinipitie. Mafinga nadhani jepesi kidogo. Lakini nilikuwa nimechoka, au mguu ulikuwa wa baridi. Siwezi kuapa.

#34 Spana Kumi
Shahidi gani huyu.

#35 Mpiga Mbizi wa Makangale
Nyinyi nyote mnaitibu kwa habari za bara. Mgonjwa wa Pemba huyo, na ugonjwa wa Pemba ni chumvi. Naendesha kila siku Konde, naingia msitu wa Ngezi, natoka Vumawimbi au naendelea mpaka mnara wa Kigomasha. Njia ya mchanga na matope, upepo wa bahari usiku kucha. Waya unaofungwa kwenye fremu kurudisha umeme, ule wa mwili, boliti yake inaota kutu. Kwa macho umeshika. Kwa joto na mtikisiko unaachia. Yangu ilizima miezi minne. Dawa ilikuwa msasa wa shilingi mia tano na grisi ukucha mmoja. Kwa hiyo kabla ya kununua koili, fungua boliti ile, ukwaruze mpaka chuma king'ae, upake grisi, ufunge.

#36 Mzee wa Vespa
Hii nimeipenda. Rahisi kuliko zote, ndiyo maana hakuna fundi atakayeitaja.

#37 Fundi wa Chake
Sote humu ni watu wazima Mzee.

#38 Mwari wa Paje
Kwetu nyigu wa matope hujenga ndani ya kila tundu, hata tundu la funguo ya mlango. Hawawezi kuwa wameziba kile kijitundu cha tanki, au kile kipaipu kingine cha kabureta kinachoning'inia chini?

#39 Spana Kumi
Mwari kaniokoa. Naam! Kabureta nayo inapumua kwa kipaipu chake. Ilula walitoboa tanki, kipaipu cha kabureta hawakugusa. Nyigu wamejenga pale. Nawaambia, ni hewa tu.

#40 Safari Hatamu
Nje ya mada kidogo. Ulikaribia Malawi, kwa nini hukuvuka mpaka wa Kasumulu? Au ni ile ya bima, maana Tanzania si mwanachama wa COMESA, lile soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika?

#41 Nahodha Mstaafu
Ilitoka 2000, lakini kwenye mpango wa bima ya Kadi ya Njano, ile ya kuvukia mipaka, Tanzania imebaki ndani. Unakata kwa kampuni ya bima yako kabla ya safari, mpakani wanaikubali.

#42 Mkarafuu wa Wete
Nilitaka. Lakini namba yangu ni ya Z, ya Zanzibar, bara nilikuwa na kibali cha muda cha forodha chenye tarehe, na pikipiki inayozima. Nikajiambia mpaka haukimbii.

#43 Kijana wa Konde
Swali langu la mwisho. Kwenye keria ulibeba nini? Isije ikawa karafuu mkuu.

#44 Mkarafuu wa Wete
Karafuu ni za kupeleka shirika la serikali, sitaki kesi ya magendo uzeeni. Nilibeba halua ya Wete kilo tano, mkeka, nguo, kidumu cha lita tano cha akiba na vifaa. Uzito kama mtu mwembamba.

#45 Mpiga Mbizi wa Makangale
Na godoro juu, na vyote vimekazwa kwa mipira mpaka siti imeshuka. Chini ya siti ya hizo 150 zinapita waya zote. Nimewahi kukuta waya umebanwa kati ya siti na fremu mpaka gamba limechubuka. Ikipata moto na kutikisika, unagusa chuma. Ukisimama kupumzika unafanya nini? Unashuka. Siti inapanda, waya unaachiwa.

#46 Daktari wa Kabureta
Kwa hiyo ni halua?

#47 Mpiga Mbizi wa Makangale
Ni halua na wewe. Umenenepa tangu Mfungo Tatu, nimekuona Chake.

#48 Bi Zamu
Uzi una posti 47. Mkarafuu, nakuuliza mara ya mwisho kwa heshima zote. Plagi.

#49 Mkarafuu wa Wete
Bi Zamu samahani, sikukusudia kukudharau, nilikuwa naona haya. Kitonga sikutoa. Mafinga nilitoa, ilikuwa kavu kabisa, nyeupe nyeupe. Chimala nilitoa, imerowa, inanuka petroli.

#50 Bi Zamu
Kavu ni mafuta hayafiki. Imerowa ni mafuta yanafika, moto haufiki. Umenipa zote mbili.

#51 Spana Kumi
Magonjwa mawili. Nilisema posti ya 6.

#52 Mtu wa Makambako
Nusu ni koili basi. Nusu yangu naichukua.

#53 Fundi wa Chake
Lete hapa, naifungua bure. Valvu kwanza.

#54 Mkarafuu wa Wete
Ntaileta, lakini sasa hivi haiko kwangu. Nimempa shemeji tangu niliporudi, anapeleka watu Wete mpaka Konde na Micheweni mchana kutwa, na kila siku namuuliza. Ananijibu haijazima hata mara moja. Hakugusa kitu, si waya, si kabureta, si kifuniko. Hapo ndipo akili yangu inapofika mwisho.

#55 Popobawa Mstaarabu
Sisemi kitu.

#56 Dereva wa Micheweni
Ndiye mie shemeji. Nimeonyeshwa uzi huu na abiria. Nathibitisha haizimi, leo nimepiga Konde mara sita na jua lote hili. Ila kaka, hilo godoro la posti ya 5, ndilo lile dada analotuulizia mie na wadogo zangu, akasema tumempa mtu?

#57 Mkarafuu wa Wete
Shemeji nipigie kabla hujapita nyumbani.

#58 Dereva wa Micheweni
Nshafika. Niko barazani naye.